Arthur Holmes na Moto Ulio Chini ya Miguu Yetu

Tarehe 22 Mei, 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, ardhi ilitetemeka siku kadhaa huko Goma na Rubavu, na nyumba za watu zikapasuka. Wengi wetu tulijiuliza nguvu hiyo yatoka wapi. Kwa jawabu lake tunamshukuru marehemu Profesa Arthur Holmes.

Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari, 1890, karibu na Newcastle, Uingereza. Akiwa bado mwanafunzi London, alikadiria umri wa jiwe kwa kupima urani na risasi iliyomo ndani yake, akapata miaka milioni 370. Mwaka 1911 alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Malaria ikamlaza hoi, hata habari za kifo chake zikafika kwao. Lakini alipona akarejea nyumbani.

Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alitangaza kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja, kisha yakaachana. Wataalamu wengi walimbeza, kwa kuwa hakuweza kuonyesha nguvu iyasukumayo. Holmes, aliyekuwa akifundisha Durham, aliona kuwa nguvu hiyo ni joto, na mwaka 1931 hoja yake ilichapishwa Glasgow.

Hoja hiyo mwanafunzi wetu aweza kuionyesha darasani, mwalimu akiwa kando yake. Na achukue chombo cha kioo kisichopasuka kwa moto, akijaze maji, aweke mshumaa chini ya katikati yake, kisha aeleze juu ya maji vipande viwili vya mbao vinavyogusana. Maji ya chini yakipata joto huwa mepesi, hupanda. Yakifika juu hugawanyika pande mbili na kuvitenga vile vipande. Yakipoa huwa mazito, hushuka kandoni. Hata hivyo tusisahau kwamba ndani ya dunia hakuna maji bali mwamba mgumu, unaojongea sentimita chache tu kwa mwaka. Tena leo yajulikana kwamba bamba la ardhi lililopoa, likizama, hujivuta lenyewe kwa uzito wake.

Kwa miaka 30 hivi wengi hawakukubali. Holmes aliendelea na kazi. Mwaka 1937, pamoja na H. F. Harwood, alichapisha uchunguzi wa mawe ya volkano ya Bufumbira, Uganda, penye milima ya Muhavura na Sabyinyo tunayopakana nayo. Miaka ya 1960, upimaji wa sakafu ya bahari ulithibitisha kwamba mabara husogea kweli. Mwaka 1964 alipewa Tuzo ya Vetlesen, na tarehe 20 Septemba, 1965, akafariki dunia.

Ziwa Kivu limo ndani ya ufa ambao ungali unapanuka. Hatuwezi kuuzuia. Twaweza kuujua, na kujenga nyumba zetu kama watu wanaoujua. Kijana atakayewasha mshumaa huo darasani ameanza kazi hiyo.