Mwana Kupona na Wasia wa Binti Yake

Tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kimezidi kusikika hapa Juba, na baadhi yetu wa Atlabara tulikwisha kukipata kwa wazee wetu waliokaa ukimbizini Kenya na Uganda. Lakini ni wachache wanaojua habari za bibi mmoja wa pwani, ambaye mafundisho aliyomwachia mtoto wake yangali yakisomwa hata leo. Jina lake ni Mwana Kupona binti Mshamu.

Bibi huyu alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, katika pwani ya Kenya. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho. Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, tena mji mkaidi: Seyyid Said wa Zanzibar alipeleka majeshi yake huko, yakashindwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akamwacha mkewe na watoto wawili, Mwana Hashima na nduguye mwanamume.

Yapata mwaka 1858 Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa siku nyingi. Akaona kwamba huenda hatakuwapo wakati binti yake atakapokuwa na nyumba yake. Angaliweza kumwita na kumwonya kwa mdomo tu, kama wafanyavyo mama wengi. Yeye alimwita aje na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa beti 102.

Kila ubeti una vipande vinne vifupi. Vitatu vya kwanza hulingana kwa vina, na cha nne hurudia sauti moja toka mwanzo hata mwisho. Kwa njia hiyo mtoto huweza kuyashika maneno moyoni bila kitabu. (Lugha ni ya kule Lamu, ambako "njoo" husemwa "ndoo", nasi tuliosoma Kiswahili sanifu hudhani twaitiwa maji!)

Anaanza kwa kumpa binti hirizi na mkufu, yaani mafundisho yenyewe. Ashike dini, awe na adabu, ulimi wake uwe wa kweli, asikae na wapumbavu, asaidie wasiojiweza. Kisha inakuja habari ya mume, nayo ni ndefu: asimwamshe kwa kelele alalapo, amkande, asitoke nyumbani bila ruhusa, nyumba iwe safi na yeye mwenyewe anukie. Humweleza pia jinsi alivyoishi na baba yake kwa mapenzi hata mauti yakawatenga. Wasichana wa darasa letu waliposikia habari ya ruhusa walinung'unika, wala siwalaumu. Lakini tutazame na hili: aliyefundisha utii huo alikuwa mwanamke msomi, mwenye kalamu yake, ambaye hakuuficha utenzi wake bali aliwataka wanawake wote wausome.

Neno moja ni gumu zaidi kwetu. Amemwonya binti asizoeane na watumwa ila wakati wa kazi. Katika miaka ile ile Gondokoro, hapa karibu na Juba, palikuwa kituo cha wafanya biashara ya pembe na watumwa, na waliotekwa walikuwa watoto wa mama wa nchi hii, ambao nao walikuwa na mafundisho ya kuwapa watoto wao. Mwana Kupona alimpenda binti yake kwa moyo wote, na bado mtumwa aliyeleta maji nyumbani hakumwona kuwa mtoto wa mtu. Sioni sababu ya kuficha jambo hilo kwa kuwa utenzi ni mzuri.

Baada yake wengine wameifuata njia hiyo. Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962, alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe.

Mwana Kupona mwenyewe alifariki miaka michache baada ya kutunga. Mwaka 1863 Siyu nayo ikatwaliwa na Zanzibar, na utawala wa nyumba ya Bwana Mataka haukudumu. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, ukapita nyumba hata nyumba, mama akimsomea binti. Mwana Hashima aliishi hata karne ya 20, akawa bibi mzee sana, na wakati huo maneno aliyoandikiwa yeye peke yake yalikuwa yakijulikana na wanawake wa Lamu wasiowahi kumwona mama yake.