Edward Sokoine na Mizani ya Haki

Imepita zaidi ya miaka arobaini tangu marehemu Edward Moringe Sokoine alipofariki dunia, na jina lake lingali midomoni mwa watu. Aghalabu hutajwa pamoja na neno moja tu, nalo ni ukali. Husemwa kwamba walanguzi walimwogopa na wanyonge walimpenda. Maneno hayo ni ya kweli, walakini hayatoshi. Kiongozi aliyeshika madaraka makubwa hapimwi kwa hofu ya wabaya peke yake. Hupimwa pia kwa yale ambayo amri zake ziliwatendea watu wa kawaida wa Mwananyamala, Manzese, Tandika na Mbagala.

Alizaliwa tarehe 1 Agosti, 1938, huko Monduli, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai, wakati ambapo watoto wachache tu wa jamii hiyo walipelekwa shuleni. Alisoma Monduli, kisha Umbwe katika Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, na baada yake alikwenda Ujerumani Magharibi kujifunza kazi ya utawala. Aliporejea alikuwa Ofisa Mtendaji wa Wilaya ya Masai, na mwaka 1965 watu wa wilaya hiyo walimchagua kuwa Mbunge wao. Mwaka 1967 alifanywa Naibu Waziri. Mwaka 1972 alikabidhiwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na mwezi Februari 1977, akiwa na umri wa miaka 38, alimrithi Rashidi Kawawa katika kiti cha Waziri Mkuu.

Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, kazi ya kukusanya magari, chakula na vifaa vya vita iliilemea sana ofisi yake. Vita ilishinda, lakini iliacha hazina tupu. Mwishoni mwa mwaka 1980 aliondoka katika uwaziri mkuu, akaenda masomoni Yugoslavia, na mwezi Februari 1983 Mwalimu Nyerere alimrudisha katika kiti kile kile.

Aliirudia nchi iliyochoka. Gharama za vita, kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na uhaba wa fedha za kigeni vilikuwa vimekausha viwanda na maduka. Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke watu walijipanga foleni tangu alfajiri kungojea sukari, sabuni, mafuta ya kupikia au unga. Bei zilipangwa na serikali, lakini aliyefika dirishani aliambiwa mara nyingi kwamba bidhaa zimekwisha, ilhali jioni bidhaa zile zile zilipatikana mlango wa nyuma kwa bei maradufu. Fundi wa kiwandani aliyelipwa mshahara wa serikali hakuweza kununua kwa bei ya magendo.

Mwishoni mwa Machi 1983 Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Polisi na mgambo waliingia madukani, maghalani na majumbani. Watu wengi walikamatwa, na miongoni mwao walikuwamo wafanya biashara wakubwa pamoja na maofisa wa mashirika ya umma. Hofu ikatanda. Usiku watu walitupa mizigo ya nguo na sabuni majalalani, wengine wakaifukia, wengine wakaitosa baharini. Kwa mtu aliyesimama foleni miezi mingi, jambo hilo lilikuwa faraja kubwa. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mkono wa serikali unaweza kumfikia hata mwenye gari na nyumba kubwa. Hapo ndipo upendo wa wananchi kwa Sokoine ulipoota mizizi.

Lakini yafaa tutazame pia njia iliyotumika. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye. Sheria hiyo ya mwaka 1983 iliunda baraza maalumu la kuhukumu, ikawanyima watuhumiwa dhamana na ikawazuia kutetewa na mawakili. Katika hali ya namna hiyo, mwenye ghala la magendo na mwenye duka dogo aliyeweka katoni chache za sabuni waliweza kusimama mahali pamoja. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa, na mashauri ya uhujumu yakapelekwa mbele ya Mahakama Kuu, ambako mtuhumiwa aliweza kuwa na wakili. Kufutwa huko kulikuwa ni kukiri kwamba hata mhujumu anastahili kusikilizwa.

Jambo la pili liliwagusa watu wa vitongoji kwa karibu zaidi. Mwaka huo huo wa 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi halali. Shabaha yake ilikuwa njema: mji ulikuwa umejaa watu na mashamba yalihitaji mikono. Katika utekelezaji, wachuuzi wadogo wasio na leseni walihesabiwa kuwa wazururaji, wakakamatwa mitaani na kupelekwa vijijini. Ukweli ni kwamba mshahara wa mwezi haukutosha tena kulisha nyumba, na kilichotia chungu mekoni kilikuwa maandazi ya mama, samaki wa kukaanga na karanga za kijana. Uhaba ule ule uliomzaa mlanguzi mkubwa ndio uliomzaa mchuuzi mdogo, lakini wawili hao hawakuwa na kosa moja. Wengi waliopelekwa mashambani walirudi mjini baada ya muda, kwa maana sababu zilizowaleta hazikuondolewa.

Yapo hata hivyo mambo yanayoonyesha kwamba serikali ya Sokoine ilijua kulegeza kamba. Shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilikuwa limeishiwa mabasi kwa kukosa vipuri, na wafanyakazi wa Temeke na Kinondoni walitembea kwa miguu hadi mjini. Magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria yalivizia njia kama wezi. Mwaka 1983 serikali ilikubali magari hayo yapewe vibali. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na kutoka hapo likazaliwa jina la daladala. Hapo haikutumika mgambo wala kizuizi. Iliruhusiwa tu shughuli ambayo mwananchi mwenyewe alikwisha kuiona kuwa ya lazima, na watu wakafika kazini.

Tarehe 12 Aprili, 1984, akirejea kwa gari kutoka Dodoma kuja Dar es Salaam, Sokoine alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Dakawa, Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alizikwa nyumbani kwake Monduli Juu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro, kilichoanzishwa mwaka huo huo, kilipewa jina lake. Miezi michache baada ya kifo chake serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na rafu za maduka zikaanza kujaa tena. Upungufu ambao msako haukuweza kuumaliza ulipunguzwa na bidhaa zenyewe.

Tujifunze nini basi? Sokoine alikuwa mtumishi aliyechukia kwa dhati kumwona mnyonge akiibiwa, na chuki ya namna hiyo ni hazina kwa taifa lolote. Hapana budi tuitunze. Lakini ukali ni kama panga: hufyeka magugu na miche pamoja, isipokuwa mkono unaolishika umetulia na macho yanatazama. Kila mara leo tusikiapo wito kwamba arudi mtu kama Sokoine ili awachape wezi wa mali ya umma, na tuitikie, lakini tuongeze sharti moja: aje na hakimu mwenye masikio mawili, na amtambue mama wa maandazi kabla ya kumwita mzururaji. Kumheshimu marehemu ni kuichukua nia yake nzima, na kuyasahihisha yale ambayo yeye, kwa ufupi wa siku zake, hakupata nafasi ya kuyasahihisha.