Krapf Hakula Mbivu Ukambani

Imejengeka katika makanisa yetu, ya mjini na ya kijijini, desturi ya kuipima imani ya mtu kwa mavuno yake. Aliyepata kazi, gari au mtoto husimamishwa mbele ya waumini ili atoe ushuhuda, na vigelegele vikapigwa. Yule ambaye mahindi yake yamekaukia shambani kwa msimu wa tatu hasimamishwi. Yeye huketi nyuma, na wenzake hujiuliza kimoyomoyo ni dhambi gani aliyoficha au ni sala gani aliyoisahau. Katika Kitui na Makueni, ambako mvua ina hiari ya kuja au kutokuja, na ambako kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu ilifuatana bila mvua ya kutosha, mafundisho ya aina hii si upuuzi wa kupita. Humwongezea mkulima aliyepoteza mbuzi wake hasara nyingine ya kuambiwa kwamba amepoteza na Mungu wake.

Ningependa leo kumweka mbele ya wahubiri wa mavuno mtu mmoja ambaye alipita katika nchi hiyo hiyo ya Ukambani zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, akatoka mikono mitupu. Jina lake lajulikana na kila mtoto aliyesoma historia darasani: Johann Ludwig Krapf, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba aliuona Mlima Kenya. Vitabu vya shule humtaja kwa sentensi hiyo moja, kisha vikaendelea na mengine. Havisemi kwamba hakuja kutafuta mlima. Alikuja kupanda Injili, na katika hilo, Ukambani, alishindwa.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, mwana wa mkulima. Alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, lakini akakiacha kwa kuwa aliushuku wito wake mwenyewe. Jambo hili mara nyingi halitajwi. Huyu tunayemwita shujaa wa imani alianza kwa mashaka, akarudi nyumbani, akasoma teolojia, na ndipo miaka kadhaa baadaye akakubali kwenda Afrika chini ya Chama cha Wamisionari cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS.

Alipelekwa Ethiopia mwaka 1837. Alifukuzwa Adwa, akaenda Shoa, akakaa huko miaka michache, na alipotoka hakuruhusiwa kurejea. Wakati huo alikuwa amemwoa Rosine Dietrich. Walipokuwa safarini katika nyika za Ethiopia mwaka 1843, Rosine alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa papo hapo. Walimpa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari maana yake ni chozi.

Januari 1844 wakafika Unguja. Sayyid Said alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Krapf akahamia Mombasa, na bila kupoteza muda akaanza kujifunza Kiswahili. Mwezi wa Juni alikuwa ameshaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu Krapf aliandika maneno makali kuhusu Uislamu, na ukali wake hauwezi kutetewa. Lakini mwalimu wake wa kwanza wa lugha alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, na kinga yake ilikuwa barua ya sultani wa Kiislamu.

Mwezi mmoja tu baadaye, Julai 1844, malaria iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baada ya hapo akafariki. Mtoto naye akamfuata mamake. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, homa imemlemea, hata kusimama ni shida. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lipo hadi leo. Mtu wa miaka 34, aliyezika watoto wawili na mke, akawaandikia wakuu wake wa London kuwajulisha kwamba sasa Kanisa lina kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo kwake ilikuwa dalili ya kuanza kwa kazi. Wapo watakaoona maneno hayo ni ya mtu mgumu wa moyo. Mimi nayaona ni ya mtu ambaye hakuwa na jambo jingine la kushikilia.

Johannes Rebmann alikuja kuungana naye mwaka 1846, wakajenga Rabai. Miaka ikapita na waliobatizwa wakawa ni wa kuhesabu kwa vidole. Wa kwanza alikuwa mlemavu aliyeitwa Mringe, aliyebatizwa akiwa mahututi. Kwa vipimo vya leo, kanisa lenye hesabu kama hiyo lingefungwa na mchungaji wake akahamishwa.

Ndipo Krapf akaelekeza macho Ukambani. Alikuwa na ndoto ya kuunganisha mashariki na magharibi ya Afrika kwa mlolongo wa vituo vya Injili, na Wakamba, waliokuwa mabingwa wa misafara ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, aliwaona kuwa ndio mlango. Mwanzoni mwa Novemba 1849 aliondoka Rabai, akapita Maungu, akaingia Kikumbuliu, sehemu za Kibwezi katika Makueni ya sasa, akavuka uwanda wa Yatta, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa Kitui kwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkuu aliyejulikana kutoka pwani hadi Mto Tana. Huko, tarehe 3 Desemba, mawingu yalifunguka na akaona vilele viwili vikichomoza kama pembe, vimefunikwa na weupe.

Niruhusiwe kidogo kuzungumza kama mwanaisimu. Wagikuyu huuita mlima huo Kirinyaga. Kikamba hudondosha baadhi ya konsonanti ambazo Gikuyu huzihifadhi, na jina likatoka midomoni mwa wenyeji wa Krapf likiwa limepunguka, karibu na Kiinyaa. Yeye akaandika alivyosikia: Kegnia, na mahali pengine Kenia. Jina la taifa letu zima, kwa hiyo, limepitia matamshi ya Wakamba na kalamu ya Mjerumani aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Huko London mtaalamu wa jiografia, Cooley, alikejeli habari za theluji chini ya jua la ikweta, na Krapf na Rebmann wakaonekana kama watu walioota mchana.

Mwaka 1850 alirudi Ulaya kwa muda mfupi. Mwaka huo huo kule Tübingen vilichapishwa vitabu vyake vitatu: sarufi ya Kiswahili, msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, na Injili ya Marko kwa Kikamba. Aliporudi mwaka 1851 akiwa na wasaidizi wapya, mmoja wao, Pfefferle, akafa baada ya muda mfupi, na wengine wakaugua. Hapa ndipo namlaumu Krapf. Mipango yake mikubwa ilichorwa kwenye ramani, na waliotangulia kuilipia walikuwa vijana waliomwamini. Ushupavu na ukaidi hukaa nyumba moja, na yeye hakujua siku zote ni nani kati yao aliyemfungulia mlango.

Julai 1851 aliondoka tena kwenda Ukambani, safari hii akikusudia kufanya makao Yatta. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi. Alipofika Yatta akaona kwamba peke yake hawezi kukaa, akaendelea hadi kwa Kivoi, ambaye alikuwa amemwahidi kumfikisha Tana. Mwezi wa Agosti wakaanza safari. Karibu na mto wakavamiwa. Kivoi akauawa pamoja na watu wake kadhaa, msafara ukatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake porini, hajui njia wala hana chakula.

Kiu ilimsukuma kwanza kuelekea mtoni, huko huko maadui walikokuwa. Akanywa, lakini hakuwa na chombo cha kuchotea maji ya njiani. Akayajaza katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Alipokuwa akipenya vichakani usiku, matawi yalizichomoa zile nyasi, na maji yakamwagika. Mkoba nao ukavuja. Alilala mchana na kutembea usiku, akila majani na mizizi. Siku moja aliokolewa na nyani: katika mchanga wa mto mkavu alikuta shimo walilokuwa wamelichimba wanyama hao kutafuta maji, akanywa humo. Mkazi yeyote wa Kitui anayechimba mchanga wa mto kiangazi ataelewa thamani ya shimo hilo kuliko msomaji wa London.

Alipofika kwenye makazi ya watu, taabu ilibadilika sura. Jamaa za Kivoi walimwona kuwa mwenye hatia. Ikiwa mgeni huyu alikuwa na nguvu za Mungu kama alivyodai, mbona hakumwokoa mwenyeji wake? Wengine wakataka auawe. Ni swali zito, na silicheki. Ndilo swali lile lile wanaloulizwa leo waumini wa Makueni na jirani zao wakati ng'ombe wanapokufa, na wahubiri wa mavuno hawana jibu lake ila kumlaumu aliyeuliza. Krapf hakuwa na jibu la kuwaridhisha. Alitoroka usiku, akahangaika, akafikia Yatta, na mwishoni mwa Septemba akaingia Rabai akiwa amekonda na kuchakaa. Kituo cha Ukambani hakikujengwa. Hakuna Mkamba aliyebatizwa kule Kitui kutokana na safari zile mbili.

Yasemwa kuwa mvumilivu hula mbivu. Huyu hakula. Afya yake ilivunjika, na mwaka 1853 akaondoka, akahamia Korntal huko kwao. Baada ya hapo alijaribu kurudi, akaugua njiani. Mwaka 1862 alifika tena pwani akiwasindikiza wamisionari wa Kimethodisti waliokwenda Ribe, lakini hakukaa.

Je, huyo ndiye mfano wa uthabiti? Wapo wanaosema kwamba mfano halisi ni Rebmann, aliyekaa Rabai kwa miaka 29, hata akapofuka, asiondoke hadi mwaka 1875. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nadhani huchukulia kwamba kusimama imara ni kusimama mahali pamoja, na sivyo. Krapf aliachia mipango mingi, mmoja baada ya mwingine: Ethiopia, Yatta, mlolongo wa vituo. Asichokiachia ni ile kazi ndogo aliyoweza kuifanya hata akiwa na homa, hata akiwa amefiwa, hata akiwa mbali na bahari, nayo ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine na kuyatafutia maana. Huko Korntal aliendelea nayo kwa miaka karibu 30. Mimi kama mwanaisimu naweza kuonyesha makosa yake, kuanzia tahajia inayoyumba hadi maelezo ya maana yanayofichua chuki zake. Hata hivyo, hatuwezi kukiandika Kimvita cha karne ya kumi na tisa bila kumrudia. Imani ambayo haikumpa waumini ilimpa subira ya kuandika neno moja, kisha jingine.

Hayo hayakuwa malipo. Nalisema hili kwa sababu nawajua wanaopenda kumalizia hadithi kama hii kwa kudai kwamba mateso yalilipwa mwishowe kwa faida. Kamusi si fidia ya mke na watoto wawili, wala ya Kivoi, aliyefia mtoni baada ya kumpa mgeni makao na chakula mara mbili, na ambaye hakuwa ameomba kuingizwa katika mipango ya mtu.

Wengine walikuja Ukambani baada yake. Walutheri wa Leipzig walifika Ikutha katika miaka ya 1890. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott, Mskoti aliyelelewa Marekani, ambaye tayari alikuwa amemzika ndugu yake Kongo, alianzisha kituo cha Africa Inland Mission pale Nzaui, Makueni. Mwezi Desemba mwaka uliofuata akafa kwa homa, akiwa na miaka 29. Agano Jipya kamili kwa Kikamba likatoka mwaka 1920, miaka 70 baada ya ile Injili ya Marko ya Krapf, ambayo bila shaka ilihitaji kufasiriwa upya.

Krapf alifariki Korntal mwezi Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili, yenye kurasa zaidi ya 400, ilichapishwa London mwaka uliofuata.