Taylor: Mzee aliyefumbua siri ya tone lenye umeme

FUNDI wa jua kali mtaani Huruma, Nairobi, anapopuliza rangi kwenye mlango wa chuma, hutegemea nguvu ya hewa kuivunja rangi iwe matone madogo. Umeme pia waweza kufanya kazi hiyo, na aliyeieleza siri yake kwa hesabu ni Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor.

Taylor alizaliwa London mnamo Machi 7, 1886. Mama yake, Margaret, alikuwa bintiye mwanahisabati mashuhuri George Boole. Baada ya masomo ya Cambridge, alisafiri mwaka wa 1913 kwa meli ya Scotia, iliyotumwa kuchunguza milima ya barafu baharini kufuatia kuzama kwa Titanic mwaka uliotangulia. Humo alirusha tiara ili kupima mwendo wa hewa.

Mnamo 1925, yeye na C.T.R. Wilson walichunguza jinsi povu la sabuni linavyopasuka likivutwa na umeme. Lakini vita vikaja na maarifa yake yakahitajika kwingine. Julai 1945 alikuwa miongoni mwa walioshuhudia jaribio la kwanza la bomu la atomiki, New Mexico.

Alistaafu 1952, ila hakuiacha maabara. Mnamo 1964, akiwa na umri wa miaka 78, alilirudia swali la ujanani. Alionyesha kwamba kioevu kikitiwa umeme wa maelfu ya volti huchongoka kama pia, chenye pembe ya nyuzi 49.3 kati ya mhimili na ubavu. Nchani huchomoza uzi mwembamba unaokatika kuwa matone yenye chaji.

Matone hayo yakikauka, hubaki ioni. Mmarekani John Fenn alitumia njia hiyo kupima molekuli kubwa kama protini, na mwaka wa 2002 akawa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Siku hizi watafiti huziongoza ioni hizo katika ombwe na kuzituliza taratibu juu ya bamba, zikajenga utando wa vitambuzi vya kemikali na vitu vingine vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Taylor alifariki Cambridge mnamo Juni 27, 1975, akiwa na miaka 89, kabla ya matunda hayo kuiva. Aliyeona bomu likilipuka alimalizia uzeeni kwa tone la maji, na hadi leo pia hiyo ya kioevu yaitwa kwa jina lake.