Bwana Reinitzer na Kitu Kilichoyeyuka Mara Mbili

Juzi simu yangu ilinianguka kwenye ngazi za mawe, karibu na Ndia Kuu. Kioo kikapasuka, na doa jeusi likaanza kutambaa ndani yake mfano wa wino uliomwagika. Kijana fundi hapo Mji wa Kale akaniambia kuwa ule si wino, Mzee, ni fuwele za majimaji. Nikacheka. Fuwele nizijuazo mimi ni chembe za chumvi na sukari, vitu vikavu vigumu. Vipi fuwele iwe majimaji? Swali hilo halikunipa usingizi, na ndilo lililonifikisha kwa marehemu Friedrich Reinitzer.

Bwana huyu alizaliwa mjini Prague tarehe 25 Februari 1857, zama mji huo ulipokuwa chini ya dola ya Austria. Elimu yake ilikuwa ya mimea, wala si ya fuwele. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 31, alikuwa akichunguza kolesteroli, kile kitu ambacho leo madaktari hutukataza samli kwa ajili yake. Katika kazi hiyo alipata unga mmoja uliotokana na kolesteroli, akautia motoni ajue unayeyuka kwa joto gani.

Ulipofika nyuzi 145.5 za sentigredi unga ukayeyuka, lakini majimaji yake yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Akazidisha moto. Kwenye nyuzi 178.5 ukungu ule ukatoweka ghafla, yakabaki majimaji safi. Yalipokuwa yakipoa, zikapita rangi za buluu na zambarau.

Msomaji mpenzi, hapo palikuwa na mtihani. Barafu ikiyeyuka huwa maji, basi, mambo yamekwisha. Wataalamu wa wakati ule walishika kuwa kitu safi huyeyuka mara moja tu. Kikiyeyuka mara mbili, kina uchafu. Reinitzer angeweza kuumwaga unga ule akanyamaza, na hapana ambaye angejua. Hakufanya hivyo. Aliusafisha tena, mambo yakawa yale yale. Alipoona elimu yake imefika kikomo, tarehe 14 Machi 1888 alimwandikia Otto Lehmann, Mjerumani aliyekuwa na darubini ya kutazamia vitu vikiwa motoni, akampelekea na unga wenyewe.

Lehmann alitazama akaona ajabu: yale majimaji ya ukungu yalitiririka kama mafuta, lakini mwanga ulipopita ndani yake uligeuka kama upitavyo katika fuwele. Leo twajua sababu yake. Fikiria zafe ya Maulidi ikipita mtaani: kila mtu yuatembea, hapana aliyesimama mahali pamoja, lakini wote wameelekea upande mmoja. Ndivyo zilivyo molekuli za kitu kile baina ya ile miyeyuko miwili. Zimeacha mahali pake, hazijaacha mwelekeo wake. Joto likizidi, safu huvunjika, kila moja ikashika njia yake.

Lehmann ndiye aliyezipa fuwele hizi jina, akaziandikia sana, na akatetea hoja yake mbele ya waliosema kuwa ni uchafu tu. Sifa nyingi zikamwendea yeye. Mwaka 1908 Reinitzer ilimbidi ashike kalamu kukumbusha ulimwengu nani aliyeanza. Nishani ya Nobel hawakuipata wote wawili. Lehmann alikufa mwaka 1922; Reinitzer alifariki mjini Graz, nchini Austria, mwezi wa Februari 1927.

Lakini elimu haikuzikwa nao. Daniel Vorländer, wa Halle nchini Ujerumani, alionyesha kuwa molekuli zilizonyooka kama boriti ndizo zinazopenda kujipanga hivi. Jambo hilo limezaa poliesta za aina nyingine kabisa. Poliesta ya kanzu ikiyeyuka, minyororo yake hupindana kama tambi chunguni. Hizi nyingine zimeungwa kwa pete za kaboni zilizo ngumu, hivyo hata zikiyeyuka hulala sambamba kama boriti zinazochukuliwa na mkondo wa maji. Zikivutwa ziwe nyuzi, zikapoa katika hali hiyo, huwa na nguvu za ajabu.

Taabu ni kuwa zikinyooka mno hukataa kuyeyuka, huungua kwanza. Dawa yake ni kuzichanganya na kipande kisichokaa sawa na wenziwe, safu zilegee. Mchanganyiko mmoja wa namna hiyo, uliotoka katika miaka ya 1980, huyeyuka karibu na nyuzi 280. Uzi wa ukoo huo hutiwa katika kamba na matanga, na ndio uliofumiwa mifuko ya hewa iliyokiteremsha chombo cha Wamarekani juu ya sayari ya Mirihi mwaka 1997.

Kioo changu kimebadilishwa, namshukuru Mungu na yule kijana. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Reinitzer aliuliza, na kwa kuuliza kwake karibu apoteze haki yake. Basi na tumpe leo: nikiwasha simu hii, humkumbuka yeye.