Ilya Metchnikoff, aliyewatambua wafagiaji wa mwili

Kila sekunde mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2, na chembe kuukuu kwa kiasi kama hicho huondolewa. Mwenye mwili hana habari. Kazi hiyo hufanywa na seli zinazokula seli nyingine, na aliyeufumbua umuhimu wao ni Ilya Metchnikoff, mwanasayansi aliyefariki Paris mwaka 1916.

Alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji karibu na Kharkiv, Ukraine ya leo, enzi hizo ikitawaliwa na Urusi. Alikuwa kitindamimba kati ya watoto watano. Masomo ya miaka 4 ya chuo kikuu aliyamaliza kwa miaka 2, akavuka mipaka kwenda Ujerumani na Italia kuongeza elimu, kisha akafundisha Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi.

Misiba haikumwacha. Mke wake wa kwanza, Ludmila, alidhoofishwa na kifua kikuu hata siku ya harusi akabebwa kwenye kiti kuingia kanisani. Alipofariki mwaka 1873, Metchnikoff alijaribu kujiua, akanusurika. Miaka michache baadaye, mke wake wa pili, Olga, aliugua vibaya homa ya matumbo. Metchnikoff alikata tamaa tena, akajidunga damu ya mgonjwa wa homa inayojirudia, ugonjwa wa jamii moja na homa ya papasi. Aliugua sana, lakini akapona.

Mwaka 1882, chuo kikiwa katika machafuko ya kisiasa, alijiuzulu na kuhamia Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja familia ilipokwenda kutazama sarakasi, yeye alibaki na darubini yake, akichunguza mabuu ya kiti cha pweza, viumbe wa baharini ambao miili yao hupenya mwanga kama kioo. Akachoma mabuu hao kwa miiba ya waridi kutoka bustanini. Asubuhi iliyofuata alikuta seli zinazotembea zimeuzingira kila mwiba. Mabuu hao hawana damu wala mishipa ya damu, kwa hiyo seli zilikuwa zimejiendea zenyewe.

Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba seli nyeupe zinazojaa kwenye jeraha hubeba vijidudu na kuvisambaza mwilini. Metchnikoff akageuza maelezo hayo: seli hizo zimekuja kuvila. Zikaitwa fagositi, yaani seli mlaji, jina lililotokana na Kigiriki. Alithibitisha hoja yake kwa viroboto wa maji, akionyesha seli zao zikishambulia mbegu za kuvu zilizowaingia. Seli zikishinda, kiroboto huishi, zikishindwa, hufa.

Lakini hakuishia kwenye vita na vijidudu. Alimtazama pia kiluwiluwi anapogeuka chura. Ule mkia haudondoki. Seli mlaji huingia ndani yake na kumeza misuli inayovunjika, kipande kwa kipande. Hapo hapakuwa na adui. Metchnikoff aliona kwamba ulinzi wa mwili ulianzia kwenye ulaji na usafi; askari wa leo alikuwa mfagiaji wa jana.

Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa maabara Paris, naye akakaa huko hadi kufa. Upinzani mkali ulitoka Ujerumani, ambako wafuasi wa Robert Koch walishikilia kwamba kinga imo katika majimaji ya damu. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimepigana vita mwaka 1870, na ubishi wa maabara ukabeba chuki hiyo. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel iligawanywa kati ya Metchnikoff na Mjerumani Paul Ehrlich, aliyetetea majimaji. Pande zote mbili zilikuwa na haki: protini za damu humnasa mvamizi, seli mlaji humla.

Mlaji anaitambuaje seli ya kuliwa? Jibu lilikuja miongo mingi baada ya kifo chake. Seli hai huficha aina fulani ya mafuta upande wa ndani wa utando wake. Inapoanza kufa, mafuta hayo hutokeza nje, mfano wa mzigo uliobandikwa alama ya kuondolewa ghalani. Mlaji huigusa alama hiyo, humeza, kisha hutoa kemikali za kutuliza uvimbe. Seli zilizokufa zikichelewa kuondolewa, hupasuka na kumwaga vilivyomo, na kinga huweza kuugeukia mwili wenyewe. Hali hiyo huchangia ugonjwa wa lupasi.

Uzeeni, Metchnikoff alisifu maziwa yaliyoganda akiamini yanarefusha maisha. Hilo halikuthibitishwa, na yeye mwenyewe alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 71. Hata hivyo, mwaka 1919 Isaac Carasso alianza kuuza mtindi huko Barcelona akifuata mawazo yake, na biashara hiyo ikazaa kampuni ya Danone.

Majivu ya Metchnikoff yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur mjini Paris.