Grace Hopper, mama aliyeipa ordinateri mkalimani

Mtu wa Sange, katika uwanda wa Ruzizi, anajua kazi ya mkalimani: mgeni anasema Kifaransa, mkutano unasikia Kiswahili ama Kifuliiru. Ordinateri nayo ina mkalimani wake. Yenyewe inaelewa sifuri na moja tu, na programu inayoitwa kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashini. Kati ya watu wa kwanza kabisa waliofungua njia hiyo ni Grace Hopper, Mmarekani aliyefariki tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa mtoto alifungua saa za nyumbani, moja baada ya nyingine, kwa kutaka kujua zinatembeaje. Mwaka 1934 alipata udaktari wa hesabu kwenye Chuo Kikuu cha Yale. Vita ilipopamba moto aliomba kuingia jeshi la majini. Uzito wake haukufika kipimo, lakini walimpokea, na mwaka 1944 wakamtuma Harvard kwenye Mark I, mashini kubwa ya kuhesabu.

Siku zile amri ziliandikwa kwa tarakimu tupu. Kosa dogo, kazi ya siku nzima imeharibika. Mwaka 1952 Hopper alitengeneza A-0, programu iliyokusanya vipande vya amri vilivyokwisha kuandikwa na kuviunga yenyewe. Wataalamu wa leo wanaona ilikuwa bado si kompaila kamili, na wana haki. Lakini wakati ule hata wenzake hawakutaka kuamini kwamba ordinateri inaweza kujiandikia programu. Aliendelea, akatengeneza FLOW-MATIC, lugha ya maneno ya kawaida. Juu ya msingi huo ikazaliwa COBOL, iliyoanza kutungwa mwaka 1959 na kuchukuliwa na mabenki mengi.

Mkalimani huyo angali anashangaza watu. Katika lugha ya C++, mwandishi anaweza kutunga mwenyewe amri ya kurudisha nafasi ya kumbukumbu, akaweka ndani yake hesabu ya kila nafasi inayorudi. Akijaribu polepole, hesabu inatembea. Akiagiza kompaila iongeze mbio, hesabu inaweza kubaki sifuri. Kanuni za 2014 zinairuhusu kompaila, ikiona nafasi imeombwa na kurudishwa bila faida, iruke vyote viwili, hata kama amri ni za mwandishi mwenyewe. Ni kama mkalimani aliyeona maneno ya mgeni ni ya bure, akanyamaza. Anayetegemea hesabu ile kutafuta kumbukumbu inayovuja anaweza kupoteza juma zima.

Jeshi lilimstaafisha Hopper mwaka 1966, likamwita tena mwaka uliofuata. Aliondoka kabisa mwaka 1986, akiwa na cheo cha amiri na miaka 79. Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30: umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde.